Kijiti huangukia kwenye kupokezana: wasilisho la mwisho la mradi wa kikundi

Jopo la wahadhiri watatu likishaketi kusikiliza kikundi cha watu watano, kazi yenyewe ilishafanywa zamani, vizuri au vibaya, na dakika 20 hazitaibadilisha. Alama zinazopotea ndani ya dakika hizo hupotea kwa njia nyingine. Katika mbio za kupokezana vijiti, timu yenye wakimbiaji wanne wepesi hushindwa na timu ya wastani kwa sababu kijiti kimeanguka kati ya mkono na mkono. Wasilisho la kikundi ni hivyo hivyo. Tazama pale kitu kinapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine: faili, waya wa projekta, zamu ya kusema, swali la mhadhiri. Hapo ndipo vikundi vya Nairobi huangukia, na hapo ndipo nitakaa zaidi.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Kikundi cha watu watano kimetengeneza kifaa cha kupima maji kwenye tangi la juu ya ploti, yaani jengo la wapangaji, kwa sababu maji ya mgao yakija usiku hakuna anayejua kama tangi limejaa au mota imesukuma hewa. Kihisi ni HC-SR04, kile chenye macho mawili kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti. Ubongo ni ubao wa Arduino Uno. Na SIM800L, moduli ndogo ya laini ya simu, humtumia keateka, yaani mtunza jengo, SMS maji yakishuka chini ya kiwango. Wamewahoji pia wapangaji kwa hojaji. Kama mradi wenu ni wa biashara au wa afya ya jamii, rukeni sehemu ya nyaya, mengine yote yanawahusu.

Dakika kabla ya slaidi

Kabla mtu hajafungua PowerPoint, ulizeni idara mambo matatu: dakika ngapi za kusema, ngapi za maswali, na alama zinagawiwa vipi. Idara nyingi huchanganya: ripoti ina alama za pamoja, ila kusema na kujibu kila mtu ana zake. Karatasi ya alama ikipatikana, ifuateni kama ramani. Ikiwa maandiko ya awali yana alama 5 na utekelezaji una 30, sielewi kwa nini mtu atumie dakika nne kusoma nani aliandika nini mwaka gani.

Tuseme mmepewa dakika 15 za kusema na 5 za maswali. Watu watano maana yake ni vipokezano vinne. Kila kimoja hula sekunde 15 hata mkiwa mmejizoeza, kwa hiyo dakika nzima imekwenda kabla hamjasema neno. Zimebaki 14. Kwa mradi wa tangi ningezigawa hivi: tatizo na malengo dakika mbili na nusu, jinsi kifaa kilivyojengwa tatu, onyesho nne, matokeo tatu, mipaka ya kazi na hatua zinazofuata moja na nusu. Mgawanyo si sawa, na haufai kuwa sawa. Anayepewa dakika moja na nusu atafidiwa kwenye maswali.

Kosa la kawaida ni kugawana kwa sura za ripoti: wewe uliandika sura ya pili, basi uisome. Matokeo yake ni utangulizi tano, kila mmoja akianza upya na jina lake, namba yake ya usajili na "mimi nitazungumzia". Majina na namba ziwe kwenye slaidi ya kwanza, jopo linajua kusoma. Na zile salamu ndefu za kumtaja kila mkuu aliyeketi mbele, jamani, "itifaki imezingatiwa" inatosha, kisha mwende kwa tangi.

Kuna jambo dogo ambalo huvuruga saa. Mawasilisho ya vyuo vyetu kwa kawaida hufanywa kwa Kiingereza, lakini mazoezi hufanywa kwa Kiswahili na Sheng chini ya mti. Kwa Sheng sehemu yako inaisha kwa dakika mbili, ukiigeuza kuwa Kiingereza cha kutafuta maneno inafika tatu na nusu. Jizoezeni kwa lugha mtakayotumia siku hiyo. Kasi ya maneno 120 kwa dakika inasikika vizuri ukumbini, kwa hivyo dakika 14 ni maneno 1,680 kwa hesabu. Andikeni yasiyozidi 1,500, kwa kuwa mtasita, mtarudia, na mtu atakohoa.

Slaidi

Slaidi 11 au 12 zinatosha kwa dakika 15. Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi yenye habari. "Matokeo" halimwambii mtu lolote. "Vipimo 27 kati ya 30 vilikosea kwa sentimita 2 au chini" linamwambia kila kitu, na hata mhadhiri aliyekuwa akijibu simu chini ya meza atainua macho na kupata hoja.

Kuhusu ukubwa wa herufi, watu hubishana bure. Pimeni. Skrini ya laptopu ya inchi 14 ina upana wa takriban sentimita 31. Picha ya projekta yenye upana wa mita 2 ni kama mara sita na nusu ya hapo. Kwa hiyo kukaa mita 2 kutoka kwenye laptopu ni sawa na kukaa mita 13 kutoka kwenye ukuta wa ukumbi. Wekeni slaidi kwenye skrini nzima, mtu arudi nyuma hatua tatu ndefu, asome kwa sauti. Kinachomshinda ni kidogo mno. Mara nyingi mtaangukia pointi 24 kwenda juu, na lebo za chati ndizo zitakazofeli kwanza, kwa sababu programu huziweka pointi 10 au 12 bila kuuliza.

Kumbi nyingi zina madirisha mapana na pazia moja lililochanika. Mandhari meusi yanayopendeza usiku hosteli yanageuka kijivu asubuhi. Tumieni mandhari meupe na maandishi meusi au ya buluu iliyokolea. Njano juu ya nyeupe haionekani kabisa. Projekta za zamani hutoa picha ya uwiano wa 4:3, na slaidi za PowerPoint tangu toleo la 2013 huja kwa 16:9. Zikikutana, robo ya kimo cha picha inabaki nyeusi juu na chini. Si balaa, ila mkijua mapema ukumbi una mashine gani, badilisheni ukubwa kabla ya kupanga picha, si baada.

Takwimu zinahitaji uangalifu kuliko rangi. "Asilimia 66.7 ya keateka walikubali" inasikika vizuri mpaka mmoja wa jopo aulize keateka walikuwa wangapi, na jibu ni sita. Wanne kati ya sita, andikeni hivyo hivyo. Halafu ile fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli ambayo kila kikundi huinakili: n (sampuli) ni N (watu wote) gawanya kwa 1 jumlisha N mara e (kosa) mraba. Ploti zenye wapangaji 400, kosa la 0.05, jibu ni 200. Sawa, lakini kama hojaji zilizorudi ni 62, slaidi isiseme 200. Iseme mlilenga 200, mkapata 62, na kwa nini. Pia kila mmoja wenu ajue kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu, maana swali hilo huulizwa kwa yule aliyekaa kimya pembeni.

Picha za skrini zinazoonyesha jumbe au malipo zina namba za simu na majina ya watu halisi. Zifunikeni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na namba ya mpangaji haikutolewa ili ionekane ukutani mbele ya darasa.

Slaidi ya mwisho isiwe "Asanteni". Ndiyo itakayokaa ukutani muda wote wa maswali, basi iwe mchoro wa mfumo mzima au jedwali la matokeo, kitu cha kunyooshea kidole. Baada yake ficheni slaidi za akiba: mchoro wa nyaya, jedwali la gharama, hojaji yenyewe. Ukijua slaidi ya gharama ni ya 15, katikati ya onyesho bonyeza 15 kisha Enter, inafunguka papo hapo bila kupekua mbele ya watu.

Faili ina mlinzi mmoja

Hapa kijiti huanguka kimyakimya. Watu watano, laptopu tano, na usiku wa manane kwenye kundi la WhatsApp kuna "final", "final2" na "final ya mwisho kabisa". Mchagueni mlinzi mmoja wa faili. Wengine wanamtumia sehemu zao, yeye pekee ndiye anayeunganisha. Mlango ufungwe siku mbili kabla. Baada ya hapo hurekebishwa makosa tu, hakuna slaidi mpya.

Mlinzi akibandika sehemu za watu, aziache zifuate muundo wa faili yake, si wa zilikotoka, la sivyo slaidi ya nne itakuwa na fonti moja na ya tano nyingine, na jopo litaona mshono waziwazi. Fonti ya pekee aliyopakua mtu kwenye mashine yake itabadilishwa ikifunguliwa kwingine, na mistari itamwagika nje ya kisanduku. Kaeni na zile zilizopo kila mahali, kama Arial au Calibri. Picha zisitumwe WhatsApp kama picha, zinapunguzwa ubora. Zitumwe kama dokumenti.

Nakala ziwe hivi: faili yenyewe kwenye laptopu mbili, nakala ya PDF kwenye simu ya kila mwanakikundi, na vyote kwenye fleshi moja ambayo haijawahi kuingia saiba. Fleshi ya kwenda kuchapisha ripoti iwe nyingine. Virusi vinavyogeuza folda zote kuwa njia za mkato bado vinaishi kwenye mashine za saiba, na mkivigundua asubuhi ya siku yenyewe mtakuwa mmechelewa. PDF haichezi video wala mienendo, kwa hiyo video ikae kando kama faili ya MP4 kwenye folda ile ile. Mkitegemea Google Slides, washeni matumizi bila intaneti kabla hamjatoka nyumbani, na kiungo mnachomtumia msimamizi, jaribuni kukifungua kwa akaunti nyingine. Ukurasa wa kuomba ruhusa ndio unaowafikia wahadhiri mara nyingi mno.

Onyesho, au jinsi kifaa kinavyokufa kati ya Githurai na mjini

Kifaa kilichofanya kazi jana mezani kinapanda matatu, kinawekwa magotini, kinaruka matuta, na kikifika ukumbini hakizungumzi. Sababu kuu ni waya za kuchomeka kwenye ubao wa majaribio. Mojawapo imelegea nusu milimita. Kama alama za utekelezaji ni nyingi, hamisheni mzunguko kwenye ubao wa kulehemu wiki moja kabla. Mkishindwa, funga kila waya kwa gundi ya moto na ubebe kifaa ndani ya kontena gumu la plastiki, lile la kuwekea chakula.

Sababu ya pili ni umeme wa SIM800L. Moduli hii hutaka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotafuta mtandao au kutuma ujumbe huvuta mkondo wa ghafla unaofika ampea 2. Pini ya volti 5 ya Arduino ni ya juu mno kwake, na ile ya 3.3 ni ya chini na dhaifu. Kwa hiyo moduli huwaka, hujaribu, huzima, huwaka tena. Wanafunzi huilaumu laini au kampuni ya simu. Betri moja ya lithiamu ya volti 3.7 yenye nguvu nzuri, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na pini zake, humaliza ugonjwa huo. Taa yake ndogo inawaambia hali: ikipepesa takriban kila sekunde moja bado inatafuta mtandao, ikipepesa kila sekunde tatu imeshapata. Msianze onyesho kabla ya kuona zile sekunde tatu. Ni moduli ya 2G, kwa hivyo laini yenyewe iwe imejaribiwa ndani ya ukumbi ule ule, PIN yake imeondolewa, na ina salio. Salio! Kikundi kinaweza kununua vifaa vyote na kukwama kwa bei ya SMS moja.

Pawabenki nayo ina hila. Nyingi hujizima zenyewe zikiona mkondo mdogo sana, na Arduino yenye kihisi kimoja huvuta kidogo tu. Kifaa kinafanya kazi sekunde chache, kimya. Tumieni chaja ya simu ukutani, na muwe na waya wa ekstensheni wa mita 5, kwa kuwa soketi ya ukumbi haikai karibu na meza ya onyesho hata siku moja.

Maji pia yana adabu zake. Mtungi wa lita 20 una mdomo mwembamba, na mawimbi ya HC-SR04 hutawanyika kwa pembe ya kama digrii 15, hugonga ukingo na kurudi kabla hayajafika majini. Tumieni ndoo pana ya lita 20, kihisi kikiwa katikati juu yake. Karibu zaidi ya sentimita 2 hakisomi, basi msiijaze ndoo mpaka juu. Wekeni ekstensheni upande wa pili wa meza, na mtu mmoja awe na tambara mkononi.

Aliyejenga kifaa akishike, lakini asiseme. Mtu anayetafuta waya uliolegea hawezi kuongea Kiingereza kizuri wakati huo huo. Aseme mwingine, mikono ya fundi ifanye. SMS inaweza kuchukua sekunde tano au arobaini, kwa hiyo msemaji awe na maneno ya sekunde 30 yaliyoandaliwa mahsusi kwa kungoja: kwa nini walichagua SMS badala ya programu ya simu, maana keateka wengi wanataka ujumbe unaofika hata bando likiisha. Ujumbe ukiingia mapema, anayakatiza. Ukichelewa, hakuna kimya cha aibu.

Na video. Rekodini onyesho zima lililofaulu, sekunde 60 hadi 90, kwa simu iliyolazwa, mkono mmoja ukionyesha kiwango cha maji na simu inayopokea ujumbe katika fremu moja. Wekeni kikomo: sekunde 45 za kujaribu kufufua kifaa, zikipita msemaji anasema "hii ni rekodi ya jana jioni" na video inaanza. Jopo husamehe kifaa kilichokataa. Halisamehi dakika sita za kutazama migongo ya wanafunzi.

Kwa wale ambao mradi wao ni wa malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hatari ni nyingine. Safaricom hutuma jibu la muamala kwenye anwani ya wavuti iliyo wazi kwa dunia, yenye HTTPS. Kompyuta yako peke yake haifikiki, kwa hiyo wengi hutumia njia ya muda kama ngrok. Anwani ikibadilika mkiwasha upya, majibu yanaendelea kwenda kwenye ile ya zamani, na skrini yenu itabaki ikisema "inasubiri" hata kama simu ilishalipa. Kithibitisho cha kuingilia huisha baada ya sekunde 3,600, kwa hivyo kile mlichokipata asubuhi kimekufa kufikia zamu yenu. Na namba ianze na 254, si sifuri. Makosa matatu haya yanatosha kumaliza mtu.

Mazoezi matatu, si kumi

La kwanza mkiwa mmeketi, bila slaidi, saa ya simu ikienda. Kila mtu aeleze sehemu yake kwa kichwa. Hapo mtagundua nani haelewi alichoandika, na bado kuna siku za kumsaidia. La pili mkiwa mmesimama, slaidi zikiwa kwenye projekta au televisheni yoyote, na kifaa kikiwashwa. Hili ndilo la vipokezano. Sentensi ya mwisho ya kila msemaji iandikwe neno kwa neno na imtaje anayefuata kwa kazi, mfano: "Kifaa kinapima, lakini je, kinapima kwa usahihi? Mwenzangu ana vipimo 30." Anayefuata awe ameshasimama pembeni, si akiinuka kutoka kiti cha nyuma. Mtu mmoja aendeshe slaidi mwanzo hadi mwisho, akiwa na karatasi yenye neno la mwisho la kila slaidi. Ile "slaidi inayofuata tafadhali" mara kumi na moja inachosha kuliko hotuba.

La tatu ni la kushambuliwa. Alikeni watu wawili wa kikundi kingine, ikiwezekana wale wasiowapenda sana.

Kuhusu wadandiaji: kila kikundi kina mmoja anayejitokeza wiki ya mwisho na shati safi. Kumpa slaidi rahisi ya utangulizi ili asiaibike ni kujichimbia shimo, maana swali la kwanza huenda kwa aliyesema kwanza. Tangu wiki ya pili ya mradi wekeni karatasi ya nani alifanya nini, kila mtu akisaini. Msimamizi akiiona mapema atachukua hatua. Akiiona siku ya wasilisho itaonekana fitina.

Asubuhi yenyewe

Wasilisho likiwa saa tatu, mkutane langoni saa moja na nusu. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huigeuza Thika Road na Mombasa Road kuwa maegesho, na kwa bahati mbaya mitihani na mawasilisho hupenda kuangukia huko huko. Kifaa na laptopu kuu visilale nyumba moja, na hata kimoja kisilale kwa yule anayetoka Kitengela au Rongai. Alale karibu na chuo anayebeba kifaa.

Ingieni ukumbini kabla ya kikundi cha kwanza. Projekta za zamani zina tundu la VGA la pini 15, laptopu za sasa zina HDMI au USB-C pekee. Adapta hupatikana Luthuli Avenue, na ijaribiwe pale pale dukani kabla hujalipa. VGA haibebi sauti, kwa hiyo kama video yenu ina maelezo ya sauti, chukueni spika ndogo au mtu aseme juu yake. Windows na P kwa pamoja huleta chaguo la kuonyesha, chagueni kurudufisha ili mnachokiona ndicho wanachokiona. Zimeni arifa za WhatsApp Web, usingizi wa skrini na masasisho. Laptopu nyingi za mkono wa pili zina betri zilizochoka, basi chaja iingie soketini kwanza. Stima ikipotea, laptopu inaendelea na projekta inazima, hapo nakala tatu zilizochapishwa za slaidi, moja kwa kila mwanajopo, zinageuka dhahabu.

Nguo ziwe nadhifu, si lazima suti tano zinazofanana.

Swali ni kijiti pia

Mhadhiri akiuliza, watu watano wakitazamana ni dalili mbaya, na watano wakijibu kwa mpigo ni mbaya zaidi. Amueni mapema nani anajibu nini, na mratibu mmoja anayesema "hilo atalijibu aliyefanya vipimo". Akishajibu, mwingine mmoja tu anaweza kuongeza sentensi moja. Kumsahihisha mwenzako mbele ya jopo hufanywa kwa "naongeza kwamba", kamwe si "hapana, si hivyo".

Maandalizi ni kazi ya jioni moja. Kila mtu aandike maswali sita kuhusu sehemu ambayo si yake. Watano mara sita, mna maswali 30, na wahadhiri hawatatoka nje ya hayo kwa mengi. Yawepo: kwa nini muda wa mwangwi hugawanywa kwa mbili? Kwa sababu sauti huenda na kurudi. Mita 1 huchukua kama milisekunde 5.8 kwa safari nzima. Je, joto la juu ya paa linaathiri? Ndiyo, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye digrii 20 na karibu 349 kwenye digrii 30, kwa hiyo mita 1 inakosewa kwa karibu sentimita 2 mkiacha kasi ile ile kwenye programu. Kifaa kinagharimu kiasi gani ukilinganisha na boya la kawaida la tangi? Hili huulizwa karibu kila mara, na kikundi kisicho na jibu huonekana hakijawahi kukutana na mwenye ploti.

Jibu lianze na jibu. "Ndiyo, kwa sentimita 2 hivi" kwanza, maelezo baadaye. Lisilojulikana lisemwe halijulikani: "Hatukupima hilo, tulipima mchana pekee" ni jibu kamili, na mara nyingi hufunga mjadala. Wanaobuni takwimu papo hapo hufuatwa na swali la pili, kisha la tatu.

Mtu mmoja asijibu chochote ila swali la sehemu yake. Kazi yake ni kuandika kila swali na kila rekebisho, na jina la aliyelisema. Kabla hamjatoka amsomee mwenyekiti wa jopo orodha hiyo, aulize kama kuna kilichosahaulika, na aulize nakala ya ripoti iliyorekebishwa inatakiwa lini na ipelekwe kwa nani. Karatasi ipigwe picha papo hapo na itumwe kwa wote watano kabla mtu hajaenda kununua soda, maana baada ya hapo kila mtu atakumbuka marekebisho ya sehemu za wenzake tu.